Choroko za Lugalo

Mkia wa msafara wa Zelewski ulikuwa umeshafika mwisho wa meza, na mimi bado nina askari wa kuchezea kumi na wawili mkononi. Fundi akaniambia niwapange juu ya cherehani. Nikawapanga, ningefanyaje? Kwa dakika chache jeshi la Wajerumani la mwaka 1891 likawa linatoka pori la Iringa, linaruka pengo la shubiri mbili hewani, na kuishia kwenye Singer ya kukanyaga.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2013, masika yamechanganya, kwenye kibanda cha Fundi pale Ilala. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tunaongea kwa kupigiana kelele. Tulikuwa watatu: mimi, Mjomba, na Fundi mwenyewe, ambaye mchezo wetu wa kuigiza vita vya zamani kwa askari wadogo mezani haukumhusu, ila meza ilikuwa yake. Meza ya kukatia nguo, urefu futi sita. Kwa mchezo wetu hiyo ni mali. Nyumbani kwangu meza kubwa kuliko zote ilikuwa stuli.

Mjomba alikuwa baharia mstaafu. Wenzake walirudi na redio na saa, yeye alirudi na askari wa risasi. Risasi ya kuyeyusha nasema, si ya bunduki, ingawa kwetu neno ni moja na sidhani kama waliolitunga walikosea. Kila meli ilipotia nanga Uingereza alinunua wawili watatu, urefu wao milimita 28, akaniletea mimi niwapake rangi kwa kuwa kazi yangu ni kuchora vibao vya maduka. Kwa miaka miwili nilimaliza arobaini na wanane. Kila mmoja nilimtia mboni za macho. Ofisa mmoja mwenye sharubu nilimchora hadi pete kidoleni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona isipokuwa mimi na Mungu.

Mjomba alitaka vita vya Lugalo. Mtu wa Dar ukimtajia Lugalo anawaza kambi ya jeshi na hospitali, barabara ya Bagamoyo ukishapita Mwenge. Jina lenyewe limetoka mbali, kule karibu na Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, yule waliyembandika jina la Nyundo. Walimuua yeye na wengi wa askari wake, mikuki ikifanya kazi kuliko bunduki, na hakukuchukua muda mrefu. Shuleni tuliyapata hayo kwa sentensi mbili, halafu mwalimu akahamia Majimaji. Mjomba alikuwa anataka kuona. Alikuwa anauliza swali moja tu: watu wenye bunduki za kisasa na mizinga wanawezaje kutembea hadi ndani ya mdomo wa simba bila kushtuka?

Sasa, uviziaji hauonekani bila mambo mawili: msafara mrefu na watu wengi waliojificha. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Wahehe wanaotajwa ni kama elfu tatu. Mimi nilikuwa nao kumi na sita. Tena niliwaficha nyuma ya vichaka vya katani nilivyobandika kwa gundi, na walikuwa warefu kuliko vichaka. Walionekana kama vijana wanaosubiri daladala.

Nikachukua chaki ya Fundi nikapiga hesabu juu ya kipande cha kaki. Msafara ule, askari na wapagazi, ulikuwa na watu kama mia tano. Wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, mita moja moja, hiyo ni nusu kilomita. Mtu wa milimita 28 amepunguzwa kama mara sitini. Nusu kilomita gawa kwa sitini, unapata mita nane na ushee.

"Mita nane ni wapi?" akauliza Mjomba.

Nikamwonyesha kwa kidole, nje, ng'ambo ya mtaro, kwa muuza chipsi.

"Basi tukachezee huko," alisema, na sura yake haikuwa ya utani. Mvua ndiyo iliyotuokoa.

Mke wa Fundi alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua choroko. Pembeni ana sufuria ya mchele anaousubirisha zamu yake. Mjomba alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Shemeji, hebu niazime wanajeshi."

"Wanajeshi gani tena? Hizi ni za kesho."

"Kesho utazikuta."

Akampa konzi moja kwa shingo upande. Mjomba akawaondoa Wahehe wangu kumi na sita mmoja mmoja, akawalaza kwenye boksi, akazimwaga choroko pande zote mbili za njia niliyoichora kwa chaki. Kitambaa tulichotandika kilikuwa kijani, sare ya shule fulani iliyokuwa inasubiri kukatwa. Choroko zikazama humo. Ukisimama unaziona, ukirudi nyuma hatua mbili hakuna kitu, kitambaa tu chenye mikunjo.

Nikanyoosha mkono kwenye sufuria bila kuomba, nikaanza kupanga punje za mchele juu ya njia, moja nyuma ya nyingine. Weupe wake juu ya kijani ulikuwa unauma macho. Fundi akaacha pasi, akasogea. Ndipo nikachukua futi yake ya kupimia nguo nikaweka punje moja juu yake: milimita sita. Mtu wa milimita sita amepunguzwa mara mia tatu. Gawa tena. Nusu kilomita nzima ya pori ikaingia kwenye meza ya futi sita, na mahali pa kuweka kikombe cha chai pakabaki.

Hakuna aliyetaka kuwa Zelewski. Ikabidi Mjomba abebe, kwa hoja kwamba amefanya kazi chini ya Wazungu miaka thelathini na anawajua wanavyotembea. Fundi, yule ambaye mchezo haukumhusu, alichukua choroko. Mimi nikawa mwamuzi mwenye dadu mbili na simu ya tochi, kwa sababu umeme nao ulikuwa umeshaaga.

Sitaeleza kila dadu. Nililoliona ni hili: askari wakiwa wakubwa, Mjomba alikuwa anacheza na watu. Humwinua ofisa, anamgeuza, anamsogeza nyuma ya mti. Kwa mchele hakuna wa kumwinua. Kuna mstari tu, na mstari ule ulikuwa mrefu hata kichwa chake kikishambuliwa mkia haujui. Alijaribu kukusanya punje za mbele zipige kwa pamoja. Fundi akafagia katikati kwa kiganja. Alijaribu kuleta za nyuma. Njia ilikuwa nyembamba. "Kumbe ndivyo," alisema Mjomba, kisha akanyamaza.

Mchele wenyewe, Mama, yaani mke wa Fundi, akatuambia, ulikuwa wa Kyela uliochanganywa na mwingine dukani. Nikasema hata huo unafaa, maana askari wa jeshi lile nao walikuwa mchanganyiko: Wasudani walioandikishwa Cairo na Washangaan wa Msumbiji, waliokusanywa tangu 1889 enzi za Wissmann, kamanda aliyemtangulia Zelewski. Mama akasema yeye anazungumzia mchele.

Vita vikaisha, na juu ya kitambaa choroko na mchele vilikuwa kitu kimoja. Tulivichambua wanaume watatu kwa tochi ya simu, saa nzima, huku Mama amekunja mikono. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Mjomba hakupenda isimuliwe.

Lakini kuhama kutoka askari wa milimita 28 kwenda wa kununua wa milimita 6 hakukuwa kwa siku ile. Mjomba alikataa miezi. Kwake vile vidogo ni chawa. "Mtu asiye na uso si mtu," alikuwa anasema, na alinikumbusha kwamba mwanajeshi anayejulikana kuliko wote mjini ni yule wa shaba pale Samora, mwenye singe iliyoelekea bandarini tangu 1927, na huyo kila mtu anamwona. Nikamjibu kwamba huyo naye yuko peke yake. Alikasirika siku mbili. Mimi pia, kusema kweli, iliniuma: ile pete ya kidoleni ilikuwa kazi ya usiku mzima.

Kilichomvuta ni Wahehe. Milimita 28 za Wahehe hatukuwahi kuzipata. Wale kumi na sita walikuwa Wazulu, na manyoya na mikia ya ng'ombe ilikuwa inawasaliti hata ningewapaka vipi. Kwenye milimita sita, Mzulu ni ngao, mkuki na kivuli. Wahehe waliiga mengi ya vita kutoka kwa Wangoni, na Wangoni walitoka huko huko kwa Wazulu, kwa hiyo udanganyifu wenyewe una ukoo. Wamisri wenye tarbushi wakawa askari wa Zelewski. Mfuko wa watu karibu mia ulikuwa mwepesi kuliko kisanduku cha wakubwa wanane, na anayelipia kifurushi kutoka Ulaya anajua maana ya gramu.

Nilijifunza upya kupaka. Weusi kwanza, kote. Kisha kahawia ya mwili, kugusa tu, tone la ngao, mstari wa mkuki, basi. Ukitia macho unaharibu. Wanakuja wanne wanne kwenye kitako kimoja, na mia wanakamilika kwa jioni mbili. Pori nikalifanya kwa taulo kuukuu nililolichovya rangi ya kijani. Nyuzi zake zinawafika kifuani.

Siku ya kwanza tuliyowatoa ilikuwa mezani kwa Fundi pale pale. Mjomba alikuja na yule ofisa wa sharubu mfukoni, akamsimamisha pembeni ya meza, mkubwa kama mnara, hana kazi. Nikapanga msafara. Nikapanga Wahehe ndani ya taulo, mamia, mchana kweupe mbele ya macho yake.

Akavua miwani. Akainama taratibu, mkono kiunoni, hadi shavu lake likagusa kitambaa na jicho likawa sawa na vichwa vya msafara. Akafumba jicho jingine.

"Siwaoni," alisema.

"Wako hapo hapo, Mjomba."

"Najua wapo. Nasema siwaoni."

Akabaki hivyo hivyo, shavu mezani, hadi Fundi alipomwomba ainuke, kuna suruali ya mtu inasubiri kukatwa.