Wadada wa vyuma na majaji wasiojua wanataka nini

Watu wakisikia wanawake kushindana kutunisha misuli wanadhani ni mambo ya juzijuzi tu, kumbe wapi. Miaka ya 1940 pale Muscle Beach, ufukwe wa Santa Monica, Marekani, mdada Pudgy Stockton alikuwa anapiga vyuma na kumbeba mumewe juu kwa mikono watu wakiangalia midomo wazi. Ila shindano la kwao wenyewe halikuwepo, kwenye mashindano ya wanaume mwanamke alipandishwa jukwaani na viatu virefu kama pambo, basi.

Mabadiliko yalianzia Canton, Ohio, Novemba 1977, Henry McGhee akaandaa shindano ambalo wanawake walipimwa misuli kama wanaume wanavyopimwa, na Gina LaSpina akashinda. 1979 Lisa Lyon akabeba taji la dunia Los Angeles, halafu 1980 ikaja Ms. Olympia ya kwanza, shindano kubwa la wanawake la misuli, Philadelphia, mshindi Rachel McLish, na huyo ndo aliufanya mchezo uuzike maana alikuwa na misuli lakini bado anafaa kutoka kwenye jalada la gazeti.

Na hapo ndo tatizo lilipoanzia mimi naona. Bev Francis wa Australia, aliyetokea kwenye kunyanyua vyuma vizito, 1983 alipanda jukwaani kwenye shindano jingine Las Vegas akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, majaji wakaanza kubishana misuli ya mwanamke iishie wapi, wakamtupa nafasi ya 8! Yani shindano ni la misuli afu mwenye misuli kuliko wote anaadhibiwa kwa kuwa nayo, sasa alitakiwa aje na nini jamani? Taji akachukua Carla Dunlap, ambaye mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda Ms. Olympia, na alistahili, simpingi hata kidogo.

Bev akaenda kupunguza mwili, akabadili mpaka pua na nywele, 1990 kwenye Ms. Olympia akawa wa pili nyuma ya Lenda Murray. Mwaka uliofuata akasema liwalo na liwe, akaja na mwili wake wote, akaongoza raundi za mwanzo, mwisho akapigwa na Lenda huyohuyo kwa pointi 1. Na 1992 shirikisho la mchezo huo likatoa mwongozo kwa majaji kwamba wanawake wasizidi kuwa wakubwa.