Stoo ya kahawa ya babu imepata wageni

Jana usiku wageni wa kwanza wamelala stoo. Hapa nyumbani Marangu bado tunaiita hivyo, ingawa sasa ina vitanda viwili na bafu lake.

Babu aliijenga kwa mawe ya mtoni na udongo, akaezeka mabati. Upande mmoja ilikaa mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Upande wa pili magunia yakisubiri kubebwa hadi chama cha msingi, chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933. Bei zilipoporomoka tukabaki na mibuni michache kati ya migomba, na stoo ikawa ya majembe na kuku.

Kosa langu kubwa nililifanya mwanzoni kabisa. Nilipiga ukuta wote lipu ya saruji, ndani na nje, juu yake rangi ya mafuta. Ulipendeza mpaka masika. Mwezi wa tano ukaanza kufura, rangi ikabanduka kama maganda ya kitunguu, chumba kikanuka uvundo. Fundi mwashi mmoja, mzee wa huku huku, akaugonga kwa kiganja, akaniambia: "Mama, udongo unakunywa maji kutoka chini. Zamani yalitokea ukutani yakaenda zake. Wewe umeyafungia."

Tukaibandua saruji yote. Wiki tatu za nyundo na patasi, taratibu, maana mawe yenyewe yameshikwa na udongo tu. Tukachimba mfereji kuzunguka msingi na kuujaza kokoto, maji ya mvua yapate pa kupita. Ndipo tukapiga lipu ya chokaa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja tukiifunika magunia yaliyoloweshwa isikauke ghafla ikapasuka. Chokaa haitaki haraka. Kama una jengo la mawe na udongo, nakusihi, saruji iishie sakafuni bafuni.

Nguzo ni za mringaringa. Mchwa walikuwa wamekula miguu tu, seremala akaunga. Chini ya mabati tuliweka dari ya mbao, kwa sababu baridi ya mwezi wa saba huku si ya mchezo.

Mlango ndio nilioupigania. Kwa ndani, babu alikuwa akihesabu debe kwa ncha ya kisu: mistari minne wima, wa tano unaikata. Mafungu yamejaa kuanzia usawa wa kifua hadi karibu na bawaba ya chini. Seremala alishashika randa. Nilisimama mbele ya ule mlango, machozi yakinilengalenga, akaelewa. Nimeupitishia brashi laini tu, kutoa vumbi.

Leo asubuhi binti wa wale wageni, wa miaka kama minane, nilimkuta amechuchumaa pale akihesabu kwa kidole.

"Bibi, mbona hili la mwisho lina mitatu tu?"

Nikachukua kikapu, nikampa mkono, tukaenda nyuma ya jiko kwenye mibuni iliyobaki. Zilizoiva zilikuwa chache, lakini zilikuwepo.