Bushi za Land Rover za zamani nazitengeneza mwenyewe hapa Tanga, nilivyoanza mpaka leo

Mie kazi yangu kukereza vyuma, karakana ipo Ngamiani, miaka yote nimekula kwa pini na shafti za mashine za mkonge. Habari ya spea za magari ya zamani ilianza na mzee mmoja wa Pongwe, ana Land Rover Series III, zile kiwanda kiliacha kuzitoa 1985. Bodi ya aluminiamu iko vizuri ila springi zinagonga kila shimo, bushi, vile vidude vya chuma na mpira vinavyokaa kwenye maungio ya springi, zimekwisha, na alishanunua seti mbili za dukani mpira ukamong'onyoka hata mwaka haujaisha. Akaniambia mwanangu, wewe unachonga vyuma vya mashine vile, hiki kidude kitakushinda?

Kikanishinda kweli, mwanzoni. Bushi ni bomba la chuma la nje, bomba dogo la ndani, katikati mpira ulioshikana na vyuma vyote viwili. Nikachukua ile iliyochakaa nikaipima kwa vernia, kile kipimo cha chuma chenye taya, nikakereza vilevile ilivyo, kumbe nimenakili uchakavu! Bomba la nje lilishaliwa na kutu, kwa hiyo yangu ikaingia kwenye jicho la springi, yaani tundu la kwenye ncha yake, kwa kusukuma na dole gumba tu, na kitu hicho kinatakiwa kiingie kwa presi. Tokea hapo sipimi kitu kilichochoka, napima tundu kinapokaa, nalisafisha kwanza mpaka chuma king'ae, na nalipima sehemu tatu maana matundu ya zamani hayako duara sawasawa.

Mpira nao ukawa unabanduka. Kalibu, chombo cha kuupa mpira umbo, nilichonga mwenyewe, kupika nikampelekea jamaa wa viraka vya tairi, mara nne unatoka mzuri halafu ukiuvuta unaachia. Tatizo mafuta ya kukerezea yalibaki kwenye chuma. Ukiosha na thina, ukapiga msasa, ukapaka gundi yake bila kugusa tena na vidole, unashika. Na mpira unalimwa Kihuhwi hapo Muheza jamani, halafu bushi tusubiri za Uingereza, hii inaniuma sana.

Seti ya kwanza ya bushi 12 tukaifunga, wiki tatu tu zikachanika. Mzee hakugomba, alikaa kwenye benchi akanisubiri niitoe. Kosa lilikuwa nimekaza nati gari ikiwa juu ya jeki. Ile bushi haizunguki, mpira ndio unajipinda, sasa ukikaza juu kwa juu gari ikishuka mpira unakuwa umeshajikunja hata safari haijaanza. Wewe ishushe chini, itikise, ikae na uzito wake, ndipo ukaze.

Seti ya pili mpaka leo iko kwenye gari. Wakaanza kuja watu wa Korogwe, Lushoto, mmoja katokea Mombasa. Nisiwadanganye vijana, kuna mwezi unapita bila seti hata moja na kodi ya karakana inalipwa na pini za mkonge. Lakini kiwanda kikubwa hakiwezi kuwasha mashine kwa ajili ya vipande 12, hiyo nafasi ni yetu sisi wadogo, na naamini itakuwepo maadamu haya magari yanatembea.

Ninachoogopa ni vipimo kupotea. Mzee aliyenifundisha kukereza alikuwa navyo kichwani, vya inchi vyote, alipofariki tukabaki na mashine tu. Ndo maana nina kaunta buku, kila spea nimeichora, tundu lake, meno ya bolti, chuma gani nilitumia na wapi nilikosea. Kopi nimempa kijana wangu na nyingine fundi mwenzangu wa Muheza, wapo wanaosema nagawa ugali wangu, mie sioni hivyo kabisa.

Juzi kaja mtu wa Lushoto na Land Rover Series IIA, kijana wangu kafungua daftari akakipata kipimo, nikadhani ataenda moja kwa moja kwenye mashine. Akachukua msasa na vernia akaingia chini ya gari kupima tundu upya. Kesho tunafunga.