Usiku wa Giza Nje ya Mwamba wa Shanzu

Tuliondoka Bandari ya Kale ya Mombasa baada ya sala ya Magharibi, maji yakikupwa kwa kasi ya bamvua. Mwezi ulikuwa bado haujaandama, na ndiyo sababu nilimwomba nahodha anichukue usiku ule. Mashua ya mshipi yenye mashine nyuma, sanduku la barafu, vijana wawili wa kuvua, na mimi niliyetaka kujua ni nyota ngapi bado zimebakia kwetu. Ilikuwa mwanzo wa Machi, kaskazi inaishia, bahari haina neno.

Tulipita chini ya kuta za Fort Jesus, tukaipa mgongo taa ya mnara wa Serani, tukashika njia ya kutokea. Hapo nahodha akanionyesha jambo ambalo mtu wa nchi kavu hawezi kulijua. Njia ya meli imewekewa maboya yenye taa nyekundu na kijani, na chombo kinachorudi usiku huzitafuta hizo.

"Ile ya kijani waiona?"

Nilikodoa macho. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mzima wa taa za magorofa na mabango ya biashara.

"Siioni, ami."

"Basi ipo. Mimi naiona kwa kuwa najua pa kuitafuta. Mgeni ataipita."

Hili halikuwa limenijia akilini kabla. Nilikuwa na huzuni ya nyota, kumbe mwanga uliozidi unaifunika hata taa iliyowekwa makusudi imwongoze mtu nyumbani salama.

Nje ya Nyali nikageuka kutazama nyuma. Juu ya kisiwa palikuwa na kuba la mwanga, weupe uliochanganyika na rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa inatoka kwenye taa za zamani za sodiamu. Weupe ni wa taa mpya za LED zinazochukua nafasi yake. LED zinakula umeme kidogo, na kwa hilo nazishukuru. Lakini nyingi zilizofungwa barabarani na mahotelini ni zile nyeupe kali zenye mwanga mwingi wa buluu, na buluu hutawanyika hewani kuliko rangi nyingine nyingi. Ndiyo maana mbingu ya mchana ni ya buluu. Kwa hiyo taa inayoelekea juu au pembeni haipotei bure tu. Inapaka anga rangi, kilomita nyingi kutoka pale ilipofungwa.

Tulitia nanga nje ya mwamba, mkabala na Shanzu. Niliwaomba vijana wazime tochi zao za kichwani kwa muda, maana macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza. Walikubali bila kinyongo, wakavua kwa kupapasa, nasi tukakaa hivyo.

Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, alikuwa juu kabisa, nyota zake tatu zimepangana. Kusini, nyota ya Suheli iling'aa bila shida. Chini yake nilitafuta Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo mbali kiasi kwamba nuru yake huchukua miaka 160,000 hivi kutufikia, ambalo mtu hulitazama kwa macho matupu na watu wa Ulaya hawalioni kabisa kwa vile wako kaskazini mno. Machi, usiku ukiingia, wingu hilo huwa upande wa kusini, si juu sana. Sikuliona. Pale pale lilipostahili kuwa ndipo lilipokaa kuba la mwanga wa Mombasa.

Kumbe inategemea umekaa wapi. Sisi tulio kaskazini ya kisiwa, Kisauni, Bamburi, Shanzu, mji umetunyang'anya kusini. Walioko Likoni na Tiwi umewanyang'anya kaskazini. Nahodha naye alilalamikia magharibi. Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kinateremka upande wa bara, na kadiri kilivyoshuka kikazidi kufifia juu ya mwanga wa Mtwapa.

"Wazee wakisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," alisema. "Lakini mwanangu, kuzama kwake sasa nitakuona wapi? Kinapotea kabla hakijazama."

Mashariki, hata hivyo, hakuna aliyegusa. Kutoka pwani yetu kwenda mashariki ni maji matupu mpaka Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna mtu atakayejenga mji hapo. Msalaba wa Kusini ulipanda upande huo, safi, kusini-mashariki. Kufika saa nane usiku Akrabu, kundi la nyota lenye umbo la nge, ilikuwa imesimama, na nyuma yake Njia Nyeupe ikaanza kutoka baharini, ikiwa na madoa yake meusi. Mmoja wa vijana, mzaliwa wa Kongowea, aliacha mshipi akauliza kama lile ni wingu la mvua. Nilimwambia ni nyota, nyingi kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenga. Alikaa akilitazama muda mrefu, na samaki akala chambo akaenda zake.

Hayuko peke yake. Ramani ya dunia ya mwanga wa anga iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na zaidi ya theluthi hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka makwao. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, uliotokana na watu wa kawaida kuhesabu nyota, wengi wao Ulaya na Marekani ya Kaskazini, uligundua kwamba anga linazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Watafiti walitoa mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akitimiza miaka 18 ataona 100 hivi. Nilipomweleza nahodha haya, aliuliza swali moja tu: hizo nyingine atazijua vipi ili azililie?

Inaniuma zaidi kwa sababu pwani hii imewahi kuifungulia dunia mbingu. Kaskazini yetu, Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini la San Marco satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga. Ikapewa jina Uhuru.

Saa tisa, maji yamejaa, tuliingia mkono wa bahari wa Mtwapa tukashuka. Kulipokucha nikachukua bodaboda hadi ufuo wa Shanzu, kuonana na kaka mmoja anayelinda viota vya kasa pamoja na vijana wenziwe. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kufuata upeo wenye mwanga zaidi. Tangu enzi na enzi upeo huo ni bahari. Penye hoteli, upeo huo ni ukuta wa hoteli. Alinionyesha kwa kidole njia waliyoipita wa kiota kimoja: juu, kwenye majani ya bustani. Wengine waliliwa na kaa na kunguru, wengine walikaushwa na jua la asubuhi.

Niseme hapa kwamba naelewa kwa nini watu wanataka taa. Mitaani kwetu ile milingoti mirefu tunaiita mulika mwizi, na mama anayefunga kibanda chake usiku ana haki ya kuona njia. Lakini taa inayompiga mtu machoni haimwonyeshi aliyejificha kivulini. Inayomsaidia ni ile iliyofunikwa juu, inayomwaga mwanga wake wote chini anapokanyaga.

Kaka yule alikwishapata mwenzake ndani ya hoteli moja, fundi wa umeme. Fundi alikuwa amekata bati, akalifanya kofia, akaifunga taa moja ya mulika ya upande wa bahari na kuigeuza chini, na ndani akatia balbu ya rangi ya kaharabu, manjano iliyokolea, maana mwanga wa aina hiyo hauwavuti kasa sana. Walinzi walimwambia sasa wanauona ufuo vizuri kuliko mwanzo. Zilizobaki anahitaji ruhusa ya meneja, kwa hiyo tulikaa kwenye kivuli cha mvinje tukaiandika barua pamoja: kofia kwa kila taa inayotazama bahari, balbu zisizozidi kelvini 3000, yaani zenye mwanga wa manjano badala ya weupe mkali, kwenye bustani, na kaharabu ufuoni, taa za ngazi ziwake mtu anapopita tu, na bango la juu ya paa lizimwe saa nne usiku. Fundi aliongeza mwenyewe mstari wa mwisho, hesabu ya umeme utakaookolewa kwa mwezi, akasema meneja atauanza huo kuusoma.