Jiwe la piza lilinipasukia, na bado nalichomea migebuka

Jiwe langu bapa la kuokea piza lilipasuka saa mbili usiku, wageni wamekaa uani na sahani mapajani. Ta! Sauti kavu, kama mtu kavunjia ukuni gotini. Nilipofunua jiko nikakuta nusu moja ya jiwe imebaki nzima kama mwezi nusu, nusu ya pili imekuwa vipande viwili, na jibini pamoja na dagaa vinaporomokea kwenye mkaa. Wageni wakala wali na maharage.

Jiwe lenyewe alinitumia mdogo wangu kutoka Dar. Lilikuja kwa treni mpaka huku Kigoma, mwisho wa reli, limezungushiwa khanga mbili, na halikupata hata mkwaruzo. Likaja kufia mikononi mwangu, hapa Mwanga, mwezi wa pili tangu nilipokee.

Kosa ni langu. Asubuhi yake nililiosha kwa maji na sabuni kama sinia. Ilikuwa masika, jua halikutoka siku nzima, nikaliegemeza ukutani. Jioni kwa kulitazama lilikuwa kavu kabisa. Kumbe jiwe la namna hii lina vitundu visivyoonekana, hunywa maji kama tofali na hukaa nayo. Nikawasha jiko langu la pipa, nikarundika mkaa katikati mpaka ukawa mwekundu, nikalibwaga jiwe juu yake. Katikati likashika moto, kingo bado baridi. Huku panataka kutanuka, kule pamekaza, na maji ya ndani nayo yanageuka mvuke yatafute pa kutokea. Halafu juu yake nikatandika unga uliokandwa uliotoka kwenye friji. Hata mimi ningepasuka.

Boksi liliandikwa seramiki tu, yaani udongo uliochomwa. Yapo mawe ya kodieriti, ambayo hutanuka kidogo sana yakipata moto, na ndiyo hiyo hutengenezewa rafu za ndani ya tanuri za kuchomea vyungu. Hayo huvumilia zaidi, ingawa kwa uzembe kama wangu sidhani kama yangepona.

Kesho yake bibi jirani, Muha wa Kasulu aliyefinyanga vyungu ujanani mwake, alinikuta nimevipanga vipande barazani. Nikamwamkia. Alipoitikia macho yake yalikuwa yameshafika kwenye jiwe.

"Mwanangu, hili uliliweka motoni bichi."

"Bibi, si lilichomwa kiwandani?"

Akacheka. Akasema chungu hata kikishaiva, kikinyeshewa kimerudi ubichini, na ukitaka kukitumia unakiamsha kwa moto mdogo kwanza. Kisha akachukua kipande kimoja kimoja, akakining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Ile nusu nzima ikalia nge, kama kengele ya mbuzi. Cha pili kikalia vilevile. Cha tatu, kidogo kuliko vyote, kikasema pu. "Hiki kina ufa mwingine tumboni." Sikuuona. Nilipokipitisha kitambaa chenye maji na kukiacha dakika chache, uso ukakauka lakini mstari mmoja mwembamba kama unywele ukabaki mweusi. Ufa ulikuwepo.

Sikutaka kukubali mapema. Muuza vifaa vya ujenzi alinipa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, akaniapia kwamba inaunganisha hata chuma. Inaunganisha, sikatai, ila gundi za kawaida za aina hiyo hulainika hata kabla moto haujafika nyuzi 200, na piza inataka zaidi ya hapo. Tena chakula kinalala juu yake. Nikamrudishia. Nikajaribu kulifunga jiwe kwa waya mweusi wa kufungia nondo, si ule unaong'aa uliopakwa zinki, maana zinki ikiungua moshi wake ni mbaya. Nikaukaza kwa koleo mpaka nyufa zikafumba. Nusu saa motoni, waya ukalegea kama mkanda wa mtu aliyekonda: chuma kikipata moto hutanuka kuliko jiwe. Mwanangu akasema twende ufukweni Kibirizi tukaokote mawe bapa, yapo mengi. Hilo nilikataa papo hapo. Jiwe lililolala ziwani miaka yote lina maji ndani, ukilichoma linaweza kuruka vipande usoni mwa watu.

Basi nikaacha kutafuta jiwe zima. Nikavisugua vipande pale vilipovunjikia, kwa tofali la kuchoma, mpaka chenga zote zikaisha, maana chenga moja ya jiwe kwenye samaki ni jino la mtu.

Sasa nije kwa migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Aliyewahi kumchoma mgebuka aliyenona anajua kero yake: mafuta yanadondoka kwenye mkaa, moto unaruka, ngozi inakuwa makaa huku mgongoni nyama bado ina damu. Miaka yote nilikuwa napigana na ule moto kwa kunyunyiza maji, na majivu yote yanapanda kwenye samaki. Siku hizi natandaza mkaa chini ya pipa, tabaka moja. Naweka vile vipande viwili vilivyolia nge juu ya vyuma vya chini, kimoja kando ya kingine, nafasi ya kidole katikati ili vikitanuka visisukumane. Naviweka mapema, mkaa ukiwa bado unashika, vipate moto pamoja nao, kisha nasubiri mkaa upate ukungu wa majivu. Juu ya mawe naweka sinia kuukuu la alumini la kukinga mafuta, ndipo wavu, ndipo samaki aliyechanjwa ubavuni na kupakwa chumvi, ndimu na tangawizi. Nafunika.

Moto haumgusi samaki tena, unapita pembeni ya mawe na kumzunguka. Namgeuza mara moja tu. Kwa samaki wa kadiri ya mkono wangu mpaka kwenye kiwiko inachukua kama dakika 40, ngozi inakuwa na rangi ya mawese, na ukiingiza kijiti mgongoni nyama inaachana na mfupa bila kuvutwa. Mara ya kwanza sikuweka sinia. Mafuta yakaungua juu ya jiwe, na samaki akatoka na uchungu wa moshi mweusi. Ndiyo maana vipande vyangu vina madoa, na madoa hayo hayatoki. Sabuni sigusi tena. Nakwangua kwa kisu, yaliyobaki yanaungua yenyewe siku nyingine. Jambo jingine, mkaa siuwashi tena kwa mafuta ya taa kama jiwe limo jikoni, kwani harufu ile likishainywa utaila wiki nzima.

Piza tunapika bado, ndogo, kwenye ile nusu peke yake. Zina umbo la sambusa iliyokosewa lakini chini zinakauka vizuri. Nusu hiyohiyo naiingiza kwenye sufuria kubwa mahali pa mchanga nikioka keki, mkaa juu ya mfuniko, na keki haiungui chini.

Kile kidogo chenye ufa tumboni nilitaka kukitupa. Bibi akasema nimpe, ni kigae kama vigae vingine, akikikalisha juu ya mafiga kwa moto mdogo atakaangia karanga, na kikivunjika kimevunjika. Alisema anaazima kwa siku mbili. Hii ni wiki ya sita. Jana nimepita kwake nimesikia harufu ya kahawa inakaangwa, nikaamkia, nikapewa kikombe, nikanyamaza.