Siku moja na darasa langu la tano hapa Tanga

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nishapanda basi la shule, wiki hii zamu ni yangu kwahiyo nazunguka na dereva Mikanjuni, Makorora mpaka Chumbageni, naita majina, nawakalisha vizuri wale wa awali ambao bado wana usingizi. Saa moja na nusu tuko mstarini, wimbo wa taifa, kukagua kucha, matangazo, haraka haraka tukaingia darasani.

Saa mbili ni Historia ya Tanzania na Maadili. Shule yetu ni ya binafsi, masomo mengi tunafundisha kwa Kiingereza ila hili ni Kiswahili mwanzo mwisho, na leo nilikuwa nimemwalika babu wa mwanafunzi mmoja, kafanya kazi shamba la mkonge tangu ujana wake. Watoto wakasimama, shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, akakaa akatoa jani la mkonge kwenye kiroba. Hotuba hakutoa. Akalilaza juu ya kipande cha ubao akaanza kulikwangua kwa kisu butu, ile nyama ya kijani ikawa inatoka na maji yake yanayowasha mikono, chini zikabaki nyuzi nyeupe ndefu, akazipangusa akazinyoosha mbele yao. Kisha akawaita mmoja mmoja wajaribu. "Usikandamize mjukuu wangu, utazikata." Walioenda kwa pupa kweli zikakatika, wakarudi nyuma ya foleni bila kuambiwa, wakaanza kuangalia mkono wa babu unavyokwenda.

Mmoja akauliza kama mkonge ulikuwepo siku zote. Hapo nikaingia mimi: haukuwepo, Mjerumani Richard Hindorf ndo aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, ikasafirishwa 1,000 ikapitia Hamburg na iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu. Darasa zima likabisha! Miche 62 ndo imejaza mashamba yote yale ya Muheza na Korogwe? Babu akawaeleza kwamba mkonge ukizeeka unatoa mlingoti mrefu na huko juu inaota miche midogo mamia kwa mamia, unaokota unapanda.

Saa tatu ni hesabu na kitabu sikufungua, nikaandika ubaoni 62 na 1,000 nikauliza ni asilimia ngapi iliyopona. Kuna mtoto wiki nzima asilimia zilikuwa zimemkalia vibaya, akanyoosha kidole akasema "Madam, kwenye elfu kuna mia kumi, kwahiyo kila mia imepona sita na kidogo." Sita nukta mbili. Yaani kaipata mwenyewe, kwa njia yake, na wenzake wakamuelewa kuliko wangenielewa mimi.

Saa nne uji, saa saba chakula, katikati sayansi na Kiingereza.

Saa nane mchana kikao cha wazazi, na kilikuwa kizito. Hawa watoto walianza la tatu mwaka 2024, mtaala mpya wa msingi wa miaka sita ulipoanza kwao, kwahiyo wanamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka huohuo ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Madarasa mawili yanatoka kwa mpigo. Baba mmoja akasimama akasema wazi, mwalimu tunaogopa, watoto watakuwa wengi, tuwaweke kambi kuanzia sasa, walale shuleni, Jumamosi wasome, ada tutaongeza. Wengi wakapiga makofi na siwalaumu hata kidogo, kuna mama pale anauza samaki Deep Sea anaamka usiku wa manane ili ada itimie, lazima aogope.

Ila nilisema ninachokiamini. Sera mpya imefanya elimu ya lazima iwe miaka 10, yaani la kwanza mpaka kidato cha nne, huyu mtoto bado ana safari ndefu mbele yake, sasa tukimchosha na maswali ya kukariri akiwa na miaka kumi atafika sekondari kashachukia daftari. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora, sisi bado tunakimbizana na bango la matokeo getini! Nikawasimulia ya asubuhi, babu, jani na 62. Ukumbi ukatulia kidogo, kisha yule baba akauliza, na anayebaki nyuma je? Swali la haki kabisa. Mkuu wa shule akakubali kipindi cha mwisho cha kila siku kiwe cha kuwasaidia wanaobaki nyuma, ndani ya muda wa shule, bila hela ya ziada. Kambi hakuna, Jumamosi mtoto abaki na wazazi wake.

Saa mbili usiku nimemaliza kuwaandikia wazazi habari za wiki, nimeanza na mkonge, wastani wa mtihani wa mwezi nimeuweka chini. Hazijapita dakika nyingi mama wa Deep Sea kaandika kwenye grupu, "Mwalimu naweza kuja na mizani yangu na samaki wawili watatu watoto wapime?" Nimemjibu aje Alhamisi saa tatu, kipindi cha hesabu. Natafuta mzazi aliyefanya kazi reli au bandarini, wiki inayofuata bado iko wazi.