Nilivyojifunza kuuza samaki kwa kuhesabu midomo

Mwezi wangu wa kwanza sokoni pale Gungu, Kigoma, nilitupa samaki. Niliamka saa kumi alfajiri nikashuka Kibirizi, mwaloni Ziwa Tanganyika ambako wavuvi hushusha samaki, nikagombea bei mitumbwi inapoingia, nikarudi na migebuka wazuri, macho yanang'aa. Kufika magharibi zaidi ya nusu walikuwa bado mezani. Friji sina, barafu imeyeyuka, wateja waaminifu waliobaki ni nzi.

Nikadhani tatizo ni bei, nikashusha. Haikusaidia kitu. Wifi yangu, ambaye meza yake ya nyanya inapakana na yangu, akaniambia, "Wewe macho yako yote kwa samaki. Hebu waangalie wanaokuja kununua." Nikachukua daftari la shule, nikawa naandika nani kanunua nini, tarehe ngapi, na aliyeondoka mikono mitupu alisema nini.

Ukurasa wa kwanza tu ulinifundisha. Mama mmoja alimnyanyua mgebuka, akampima kwa macho, akamrudisha. Vidole vyake vikaanza kutembea: baba watoto, mama mkwe, watoto watano, yeye mwenyewe. Wanane. Pesa yake ilitosha samaki watatu. Sasa watatu kwa sahani nane wanagawanywaje bila kelele za nani kapewa mkia? Akahamia meza ya pili, akanunua dagaa kwa pesa ileile. Dagaa ukiwatia nyanya na mawese, ukasonga ugali wa muhogo, hakuna anayehesabu.

Kesho yake nikaja na kisu. Nikawa nakata vipande na kuvipanga mafungu ya vinne, sita na nane. Vichwa nikavitenga kwa wapenda supu, na mpaka leo ndivyo vinavyotangulia kwisha.

Daftari likaendelea kunisuta. Mishahara ikitoka, walimu na manesi wanachukua kuhe mzima, samaki mkubwa wa ziwani kwetu, bila kubembeleza bei. Ikipita tarehe 20, walewale wanauliza dagaa. Wapangaji wa chumba kimoja samaki mbichi hawamtaki hata akiwa rahisi, maana mkaa na mafuta ya kumkaangia ni gharama nyingine, na harufu inalala nao. Maharage yakishuka bei baada ya mavuno, wateja wa mafungu madogo wanapotea. Nyama ya ng'ombe ikipanda, wanaokimbilia kwangu si hao, ni wale waliozoea kununua nyama.

Kilichonishangaza zaidi ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na bei mwaloni inaruka. Nilipopandisha fungu kutoka 2,000 hadi 3,000, watu walinipita kama hawanijui. Nikarudisha 2,000, nikapunguza vipande. Walinung'unika, lakini walinunua. Mtu ametoka nyumbani na noti ya mboga, na noti hiyo haijui habari za mwezi.

Halafu ukaja mwaka 2024, ziwa likafungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tulikuwa tumetangaziwa mapema, kwa hiyo Aprili niliweka magunia mawili ya dagaa wakavu. Nilichagua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani ni rahisi, lakini mteja akitafuna mchanga mara moja hakurudii. Nikawauza kwa kopo, taratibu, na bado walikwisha kabla ya Julai. Nikageuka muuza mayai na maharage, faida kiduchu.

Ziwa lilipofunguliwa nikakaa na daftari langu kama mhasibu. Ni katikati ya mwezi, nikajiambia, mishahara imeshakwisha, bei mwaloni iko juu, watu hawatanunua. Nikachukua beseni moja tu. Wenzangu walichukua matatu, manne, nami nikawaonea huruma.

Saa tatu asubuhi meza yangu ilikuwa nyeupe. Watu walikuja na pesa za kukopa. Mmoja aliniachia simu yake rehani kwa vipande sita. Hamu ya miezi mitatu sikuwa nimeiandika popote. Nikakaa kwenye kigoda nikimwangalia jirani akiuza mpaka alasiri, huku wifi akinicheka na nyanya zake mkononi.